Binti wa kwanza kwa wakwe wa Kichina: mwezi wa ndani

Kutoka: Mwanaisha, Yiwu

Salaam alaykum jamaa. Mdogo wangu ameolewa Foshan, na mwezi huu anatarajia kujifungua binti. Mavyaa wake atahamia kwao siku watakayotoka hospitali. Amekwisha kutoa masharti: siku 30 hakuna kutoka nje, kuoga ni kwa ruhusa yake, na chakula atapika yeye. Kipi akubali, kipi akatae? Na makaratasi yanaanzia wapi?

Kutoka: Rehema (mkunga), Guangzhou

Waalaykumu salaam dada Mwanaisha.

Mdogo wako asiogope yuezi, huo mwezi wa ndani wa Kichina. Ni ndugu ya arobaini yetu: wao huhesabu siku 30, wengine hufika 42 kwa sababu siku hiyo ndiyo hospitali humwita mzazi kumpima. Mzazi hukaa ndani, hufungwa tumbo kama kwa mkaja, hupewa vya moto tu na kuepushwa na upepo. Ukiujua uji wa pilipili manga na maji ya kukanda, unajua wanatafuta nini. Rai yangu ni kwamba mambo ya mzazi amwachie mavyaa karibu yote. Ya mtoto, yapo machache asiyolegeza hata akinuniwa.

Kwa mzazi ashike mawili tu. Kwanza, aoge. Katazo hili lilizaliwa enzi za nyumba baridi zisizo na maji ya moto. Leo anaoga ya moto, mlango umefungwa, na nywele zinakaushwa papo hapo kwa mashine. Kama mavyaa anataka maji yaliyochemshwa na maganda ya tangawizi, sawa, hayadhuru. Pili, atembee ndani ya nyumba tangu siku ya kwanza, hasa akipasuliwa, kwa sababu kulala tu huleta damu kuganda miguuni. Na kama ni kiangazi cha Guangdong (jimbo lenye Foshan na Guangzhou), kiyoyozi kiwashwe kwenye nyuzi 26, kisimpulize moja kwa moja. Kufunga dirisha na kujifunika blanketi wakati wa joto kali kunaweza kumuua mzazi.

Sasa binti mwenyewe.

Matiti. Siku za mwanzo yanaweza kuvimba, hata kutoa tone la maziwa, kwa sababu homoni za mama bado zimo mwilini mwake. Bibi wengi wa Kichina huyaminya, hasa ya watoto wa kike, wakiamini chuchu zisipovutwa sasa zitazama akiwa mkubwa. Si kweli, na hapa sina suluhu ya katikati. Kuminya kunafungulia vijidudu njia, jipu linaota, linapasuliwa kwa kisu, na titi la baadaye linaweza kuharibika. Yaachwe, yatanywea yenyewe. Mdogo wako aliseme hili kabla hajajifungua, na amwombe mumewe alirudie kwa mama yake kwa Kichina. Mara nyingi huminywa wakati wa kumwogesha, mama akiwa usingizini.

Damu kwenye nepi. Tone la damu ukeni katika wiki ya kwanza ni kazi ya homoni hizo hizo, na huisha baada ya siku chache. Ute mweupe usisuguliwe. Afutwe kutoka mbele kwenda nyuma.

Miguu. Desturi ya zamani ni kuinyoosha miguu ya mtoto, kuifunga pamoja na kumviringisha awe mnyoofu kama mshumaa, ili asiwe na matege. Matege hayazuiwi hivyo, ila nyonga huweza kutoka mahali pake, na watoto wa kike wanapatwa na tatizo la nyonga mara nyingi zaidi kuliko wa kiume. Akifungwa, ifungwe mikono tu. Kuanzia kiunoni kwenda chini nguo iwe pana kiasi kwamba magoti yanakunjika na kutanuka kama ya chura. Mkao wa mbeleko ndio mkao mzuri wa nyonga, ingawa mgongoni asubiri shingo ikaze. Kama alitanguliza makalio tumboni, waombe altrasaundi ya nyonga akifika wiki 4 hadi 6.

Damu ya kisigino. Kwa kawaida huchukuliwa baada ya saa 48 hadi 72, mtoto akiwa amekwisha kunyonya vizuri. Guangdong hupima humo pia upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, nanyi msilipuuze jibu hilo: Guangdong na pwani yetu zote ni nchi za malaria ya kale, na upungufu huu umejaa pande zote mbili. Mtoto wa kike anaweza kuwa na nusu ya tatizo na kipimo kikaonekana cha kawaida, kwa hiyo mwulize daktari namba yenyewe, usitosheke na "sawa".

Tahadhari zake zishikwe hata kabla ya jibu. Nguo za kurithi zilizokaa sandukuni na vidonge vya nafutalini zisimguse. Kuzifua mara moja hakutoshi, ni bora zisitumike kabisa. Maji ya huanglian, ule mzizi mchungu wanaompa mtoto "kumtoa sumu ya tumboni", asipewe hata tone. Niuhuang (jiwe la nyongo ya ng'ombe) na unga wa lulu vilevile. Vitu hivi vinaweza kuvunja chembe za damu, manjano (ngozi na macho kuwa ya njano) yakapanda kwa saa chache na kufika kwenye ubongo.

Manjano ya kawaida huanza siku ya 2 au 3, hupanda hadi ya 4 au 5, kisha hushuka ndani ya wiki 2. Kwa ngozi ya mtoto wetu usiangalie mashavu. Bonyeza fizi, tazama weupe wa macho. Yakionekana ndani ya saa 24 za kwanza, au mtoto akilala mno hata hataki kunyonya, ni hospitali saa hiyo hiyo. Kumwanika nyuma ya kioo cha dirisha si tiba, wala maji ya glukosi.

Joto. Avae tabaka moja zaidi ya mtu mzima aliye chumba hicho, basi. Mikono baridi si kipimo. Gusa kisogo, ukikuta jasho punguza. Kila majira ya baridi madaktari wa China hupokea vichanga waliofunikwa mablanketi mpaka wakazimia. Na mto wa mchele wa kubapisha kichwa usiwekwe kitandani.

Maziwa. Mavyaa ataona matone ya siku ya kwanza na kutaka kukimbilia maziwa ya kopo. Siku ya kwanza mtoto anameza kama kijiko cha chai kwa mnyonyo mmoja, na hayo yanamtosha. Anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Hesabu nepi zenye mkojo: kuanzia siku ya 5 au 6 ziwe 6 au zaidi. Uzito unashuka kidogo, kisha urudi pale alipozaliwa nao ndani ya siku 10 hadi 14. Supu nzito za mafuta zisubiri maziwa yafunguke, vinginevyo ziwa linajaa na kuwa gumu kama jiwe. Vitamini D ni yuniti 400 kwa siku. Wakipewa matone ya A na D pamoja, wasiongeze chupa nyingine ya D.

Kutoka: Zainabu, Foshan

Naongeza la chungu. Kikantoni, mzazi hupikiwa siki tamu na tangawizi, kwa kawaida kwa miguu ya nguruwe. Mwislamu atumie makongoro ya ng'ombe, ladha inakuja ile ile. Tangawizi kongwe kilo 1, imenywe, ipondwe, ikaangwe bila mafuta mpaka ikauke juu. Siki tamu nyeusi lita 2 na nusu. Si siki kali ya mezani, hapo ndipo wengi huharibu. Chungu cha udongo, kwa sababu siki hula sufuria ya alumini. Chemsha moto mdogo saa 1, iache ilale usiku kucha. Makongoro yachemshwe kando mpaka yalainike, kama saa 3, ndipo yaingie. Mayai ya kuchemsha yaliyomenywa yaingie mwisho, yalale humo. Aanze kula damu ya nifasi ikipungua, kiasi cha siku ya 12. Nyama ya halali inapatikana Xiaobei, Guangzhou. Kuku wa mvinyo wa Wahakka (jamii nyingine ya Wachina wa huko) amwachie mwenyewe mavyaa: pombe haitoki yote kwa kuchemka, na mtoto ananyonya.

Kutoka: Mwanaisha, Yiwu

Mmenipa nguvu. Aqiqa ni siku ya 7, lakini mavyaa anasema kichwa kisiguswe mpaka siku ya 30.

Kutoka: Rehema

Wachinje siku ya 7, nywele zisubiri sherehe ya mtoto kutimiza mwezi, siku ile Wachina hugawa mayai mekundu. Zikatwe kwa mashine yenye kizuizi, si wembe. Utosi bado laini. Bangili za fedha zenye njuga watakazoletewa zivaliwe kwa picha tu.

Kutoka: Juma, Shenzhen

Makaratasi. Cheti cha kuzaliwa hutolewa na hospitali. Jina la mama liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti, na jina la mtoto liamuliwe kabla, maana kubadili baada ya kuchapwa ni kazi. Ukoo waweza kuwa wa baba au wa mama. Hukou, yaani usajili wa kaya wa Kichina, iandikishwe ndani ya mwezi 1. Kwa kuwa baba ni Mchina na mtoto kazaliwa China, sheria ya uraia ya 1980 inamfanya Mchina, na China haitambui uraia wa pili. Kabla ya kumwombea pasipoti ya kwetu, waulize ubalozi na polisi wa uhamiaji atatokaje na kuingia. Wazazi wote wakiwa wageni ni habari nyingine: hawana hukou, wanamwandikisha polisi ndani ya siku 60.

Chanjo ya homa ya ini B hutolewa ndani ya saa 24, na ya kifua kikuu hospitalini pia. Kitabu cha chanjo kichukuliwe ndani ya mwezi wa kwanza, kwa sababu dozi ya pili ya homa ya ini B ni siku ya 30, kliniki ya mtaa. Kliniki hiyo hiyo humtembelea mzazi nyumbani ndani ya wiki moja baada ya kutoka hospitali, bure. Wape namba ya simu sahihi wakati wa kuruhusiwa.