Mtoto analia nyusi zinauma: tupeane uzoefu

Mama Wawili, Bombo: Wapendwa, binti yangu ana miaka 8. Tangu wiki iliyopita analalamika maumivu juu ya nyusi, hasa asubuhi na akisujudu. Jirani anasema ni kipanda uso. Aliyepitia haya aniambie: mtoto alikuwa na umri gani, maumivu yalikuja saa ngapi, na mwishowe ikaonekana ni nini?

Baba Amina, Arua: Wangu alikuwa na miaka 9. Ilikuwa Januari, vumbi letu mnalijua. Mafua yalipita wiki mbili, makamasi mazito, kikohozi usiku. Akiinama kufunga viatu anashika paji la uso. Daktari akambonyeza juu ya nyusi, akaruka. Alinieleza kwamba nyuma ya paji kuna mashimo ya hewa ambayo mtoto hazaliwi nayo. Huanza kuonekana kwenye miaka 6 hadi 8. Ndiyo maana kwa mtoto wa miaka miwili daktari hutafuta sababu nyingine kwanza. Yalikuwa yamejaa usaha. Alipewa dawa, akapona.

Dada wa Jinja: Kwetu yalikuwa macho. Maumivu yanakuja jioni akitoka shule, siku za likizo hakuna kitu. Nilimpa dawa za maumivu muhula mzima, jambo linaloniuma mpaka leo, kumbe ubaoni haoni, anakunja uso kutwa nzima. Miwani ndiyo iliyomaliza.

Mzee wa Kasese: Msisahau malaria. Mjukuu alishika nyusi mchana, jioni joto likapanda. Apimwe damu kwanza.

Mama Pacha, Mbale: Hicho kipanda uso nacho kipo, hata kwa watoto, na mara nyingi kinatembea kwenye ukoo. Wangu anatapika, hataki mwanga, analala chumba chenye giza, akiamka anaomba chakula. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo.

Nesi, Mbarara: Mama Wawili, jirani anaweza kuwa sahihi au la, mahali panapouma pekee hapatoshi kujua. Ana homa? Mafua yalimpata? Na nakuomba uangalie haya: uvimbe kwenye jicho au paji, kuona vitu viwiliviwili, shingo kukakamaa, kutapika kila asubuhi, usingizi usio wa kawaida, au kama alianguka akagonga kichwa. Lolote kati ya hayo ni hospitali siku hiyo hiyo. Na aspirini usimpe mtoto.

Mama Wawili, Bombo: Mafua yalimpata, yakapungua, kisha yakarudi kwa nguvu. Homa ilianza jana. Leo kope la juu la kushoto limevimba, nilidhani ameumwa na mdudu. Nilipanga kumpeleka Jumatatu.

Nesi, Mbarara: Dada, usingoje Jumatatu. Usaha wa kwenye mashimo yale unaweza kuingia nyuma ya jicho. Nenda sasa, hata kama ni usiku.

Mama Wawili, Bombo: Baba yake ameshatoa pikipiki. Tunaondoka.