Shawa ya umeme: maji vuguvugu, koili zinaungua, na sasa bomba linapiga shoti

Mpangaji wa Roysambu

Hamjambo wote. Tulihamia nyumba ya kupanga hapa Roysambu mwezi wa pili, na bafuni tulikuta shawa ya umeme, ile ndogo inayopasha maji papo hapo bila tangi. Miezi ya kwanza haikutusumbua. Tangu baridi ya Juni ianze, maji yanatoka vuguvugu tu, na koili, ule waya unaopasha maji, imeungua mara mbili. Fundi aliyeletwa na mwenye nyumba alizibadilisha zote, akalipwa, akaondoka bila kueleza kilichoziunguza. Sasa limezuka jambo linalonitia hofu zaidi. Mama yangu, ambaye ana miaka 70 na anaishi nasi, ameniambia kwamba anapofunga bomba akiwa bado ameloa anahisi shoti ndogo mkononi. Maji yetu siku nyingi ni ya kisima cha ploti, nayo yana chumvi, kwa kuwa maji ya jiji hufika siku chache tu kwa wiki. Je, ninunue koili ya tatu au nibadilishe shawa nzima?

Fundi wa Stima, Buruburu

Ndugu yangu, kabla ya kufikiria koili, zima saketi ya shawa hiyo leo kwenye boksi la umeme, na mama aogee maji ya kuchemshwa jikoni hadi fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, apime waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Ninakusihi usingoje mwisho wa mwezi. Mtu aliyeloa, anayesimama peku juu ya sakafu yenye maji, ana kinga ndogo sana dhidi ya umeme, na shoti anayoihisi kidogo leo inaweza kumuua kesho.

Sababu yake iko katika jinsi shawa hizi zilivyoundwa. Katika nyingi kati ya zile za bei nafuu, koili iko wazi, yaani waya wenye umeme unaguswa moja kwa moja na maji yanayopita. Maji ya jiji, yasiyo na chumvi nyingi, hupitisha umeme kidogo tu, na huo kidogo unaovuja huchukuliwa na waya wa ethi ulioungwa ndani ya shawa. Maji ya kisima yenye chumvi hupitisha umeme mwingi zaidi, na ikiwa ethi imekatika au haikuwahi kuungwa, umeme huo hutafuta njia nyingine ya kufika ardhini, na njia hiyo ni mkono wa mama. Koili zako pia zinaharibiwa na maji hayo hayo, kwa sababu madini huganda juu yake, joto likakosa pa kwenda, nayo ikaungua. Ukiweka ya tatu ya aina ile ile, itafuata wenzake.

Zipo shawa zilizotengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi, ambazo koili yake imefunikwa kwa ala ya chuma ili isiguse maji. Ni ghali zaidi, lakini kwa ploti yenye kisima sioni nyingine ya kukushauri. Hata hiyo haiondoi haja ya ethi. Na mtu yeyote akikuambia kwamba ataunganisha ethi na nyutro, yaani waya unaorudisha umeme, ndani ya bafu ili shoti iishe, mfukuze, kwa maana siku nyutro itakapolegea, maji na chuma cha shawa vitabeba umeme wote.

Mama wa Donholm

Pole sana, na mpe mama pole zetu. Mimi nitajibu kuhusu maji kuwa vuguvugu, kwa kuwa tulihangaika nalo mwaka mzima. Shawa ya wati 5,500 ikipitisha lita 5 kwa dakika huongeza joto la maji kwa nyuzi 16 hivi tu. Ukipunguza bomba hadi lita 3, huongeza kama nyuzi 26. Mwezi wa Januari maji ya tangi la juu ya paa yameshaguswa na jua, basi huoni upungufu. Julai yanafika bafuni yakiwa baridi, na nyuzi 16 hazitoshi mtu kuoga kwa raha. Kwa hiyo huenda shawa yako haina kasoro yoyote upande huo. Inatosha kukaza bomba kidogo.

Usikaze kupita kiasi, lakini. Ndani mna mpira unaosukumwa na presha ya maji ndipo koili iwake, na presha ikiwa ndogo mno haiwaki kabisa. Matundu ya shawa yakiziba kwa chumvi, yaloweke katika siki usiku kucha, kisha uyasugue kwa mswaki wa zamani, umeme ukiwa umezimwa.

Mpangaji wa Roysambu

Nawashukuru mno. Nilizima jana jioni ile ile, na leo asubuhi amekuja fundi mwenye leseni. Amekuta waya wa ethi umefika hadi kwenye shawa, lakini upande wa boksi umekatwa na kuachwa ukining'inia. Mwenye nyumba ameona kwa macho yake na amekubali kugharimia ukarabati. Fundi anasema waya wa shawa ni wa milimita 2.5 na kwamba nao ubadilishwe. Je, ni lazima?

Fundi wa Stima, Buruburu

Ndiyo, mkubalie. Wati 5,500 kwa volti 240 ni karibu ampea 23 mfululizo, na waya huo, hasa ukiwa umezikwa ukutani pamoja na nyingine, utapata moto kila mtu anapooga. Aweke wa milimita 4, au 6 ikiwa shawa mpya ina nguvu zaidi, na breka inayolingana na waya. Mwombe pia aongeze swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30, na akuonyeshe kitufe chake cha majaribio. Kibonyeze mbele yake. Isipokatika hapo hapo, asiondoke, na mama asiingie kuoga.