Tupeane uzoefu: wewe ulikutana na sehemu ipi ya Phar Lap?

Mwanzisha mada, Melbourne

Ndugu zangu mnaoishi Australia na New Zealand, nimefungua mada hii kwa sababu ya jambo nililoligundua mezani kwa rafiki. Tulikuwa watu wanne, na watatu kati yetu tulisema kwamba tumewahi kumwona Phar Lap, yule farasi wa mbio aliyekufa mwaka 1932. Tulipoanza kusimuliana ikabainika kwamba kila mmoja alikuwa ameona kitu tofauti, kwa kuwa alipokufa aligawanywa: ngozi ikaja Melbourne, kiunzi cha mifupa kikapelekwa Wellington, na moyo ukaishia Canberra. Naomba basi kila aliyewahi kukutana naye aeleze alikutana na sehemu ipi, na ilimwachia nini.

Naanza na yangu. Niliingia Melbourne Museum kujikinga na mvua, wala sikuwa na habari na farasi yeyote. Nilitarajia ile mizoga iliyojazwa vibaya, yenye macho ya gololi yanayotazama pande mbili, lakini ndani ya kile chumba chenye mwanga hafifu nilikuta mnyama mwekundu wa kahawia, mrefu kuliko mimi hata kabla hajainua shingo, ambaye mishipa yake ilionekana chini ya ngozi kana kwamba ametoka kukimbia robo saa iliyopita. Kazi hiyo ilifanywa New York na mafundi wa Jonas Brothers, na kwa maoni yangu mafundi hao wanastahili sifa kuliko wanayopewa. Kando yangu alikuwapo mzee mmoja aliyevua kofia, akakaa nayo mkononi hadi alipoondoka. Hakusema neno. Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma.

Kwa ambao hawamfahamu: alikimbia mara 51 na kushinda mara 37, tena katika miaka ya mdororo mkuu wa uchumi, wakati ambapo wanaume wengi wa nchi hii walikuwa wakipanga foleni za chakula cha msaada. Kombe la Melbourne, mbio kubwa za farasi za kila mwaka, huendeshwa kwa kupangiana uzito, maana yake farasi mwenye rekodi nzuri hubebeshwa mzigo mkubwa zaidi ili walio dhaifu nao wapate nafasi. Mwaka 1930 alipangiwa zaidi ya kilo 62 na akashinda, akiendeshwa na Jim Pike. Mwaka uliofuata akapangiwa kilo 68, akamaliza wa nane. Mimi hiyo nafasi ya nane huiheshimu kuliko ushindi wake mwingi, lakini najua wengine hamtakubali.

Mkazi wa Wellington

Mimi nina mifupa. Huku Te Papa, makumbusho yetu ya taifa, tunacho kiunzi chake, na niseme ukweli kwamba nilipokiona mara ya kwanza nilipita tu, kwa kuwa mifupa ya farasi haina jina: ukiondoa kibao cha maelezo, huwezi kumtofautisha bingwa na punda mkubwa. Nilirudi mara ya pili na binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la tatu na alikuwa amepewa kazi ya shule ya kuchora kitu kimoja cha makumbusho. Alichagua mguu wa mbele. Alikaa sakafuni muda mrefu akichora, nami kwa kukosa la kufanya nikaanza kuutazama mguu huo pamoja naye, nikashangaa jinsi ulivyo mwembamba kutoka goti hadi kwato. Mnyama mzima wa kimo cha takriban sentimita 174 begani alikuwa akitua juu ya kitu chembamba kuliko mkono wangu wa juu.

Nikumbushe pia, maana ndugu zetu wa Melbourne husahau, kwamba Phar Lap alizaliwa huku. Ni mtoto wa Seadown, karibu na Timaru, tarehe 4 Oktoba 1926. Hakuwahi kukimbia New Zealand hata mara moja, lakini kitovu chake kiko kwetu.

Muuguzi, Canberra

Nimecheka niliposoma kichwa cha mada, kwa sababu mimi nilikutana na moyo wake kwa maneno kabla sijauona kwa macho. Nilikuwa na wiki chache tu kazini katika nyumba ya kutunzia wazee, na bibi mmoja akaniambia kuhusu mwenzake wa chumba cha pili kwamba ana moyo mkubwa kama wa Phar Lap. Kwetu wauguzi moyo mkubwa ni ugonjwa. Nilikwenda moja kwa moja kwenye faili la yule bibi wa pili kutafuta jina la daktari wake wa moyo, na kwa kuwa sikuliona, nikaandika katika daftari la zamu kwamba mgonjwa anahitaji kuchunguzwa. Asubuhi yake msimamizi wangu alisoma maandishi hayo kwa sauti mbele ya zamu nzima, na hapo ndipo nilipofahamishwa kwamba huo ni msemo wa nchi hii, na kwamba maana yake ni mtu jasiri na mkarimu asiyekata tamaa.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda National Museum of Australia kuutazama. Umehifadhiwa ndani ya majimaji, nao ni wa rangi iliyofifia kama nyama iliyochemshwa, jambo ambalo liliwafanya watoto waliokuwa mbele yangu wakunje nyuso. Uzito wake unatajwa kuwa kilo 6.2, ilhali moyo wa farasi wa kawaida huwa karibu na kilo 4 au pungufu. Nimeshika mioyo ya maiti katika mafunzo, na bado nilisimama pale nikijaribu kukadiria kwa viganja vyangu viwili, nikaona havitoshi.

Asiyeshawishika kirahisi

Dada muuguzi, simulizi yako nimeipenda, ila naomba usinikasirikie. Wapo watu wanaoshuku kwamba moyo ule si wa Phar Lap. Hoja yao ni kwamba daktari wa mifugo aliyempasua kule California aliukata moyo wakati wa uchunguzi, kwa hiyo si rahisi uonekane kama unavyoonekana leo, na kwamba huenda ule ulioko Canberra ni wa farasi wa kukokota mizigo. Nilimuuliza jambo hili mlinzi mmoja wa ukumbi, akaniangalia kama mtu aliyeuliza swali la namna hiyo msibani.

Muuguzi, Canberra

Sikukasirikii, kaka. Hata ukiwa wa farasi wa mkokoteni, yule bibi wa chumba cha pili anao wa aina hiyo hiyo.

Saisi, vijijini Victoria

Nimesoma nyote nikaona hakuna aliyemtaja mtu ambaye kwangu mimi ndiye nusu ya hadithi hii, kwa hiyo mtanivumilia nikiandika kwa urefu. Nimekuwa saisi katika mabanda ya farasi wa mbio kwa miaka kumi na mmoja. Kazi yangu ni kuamka saa tisa usiku, kusafisha vyumba, kulisha, kupiga brashi, kukagua kwato na kuwatembeza, na mwisho wa siku jina langu haliandikwi popote. Ndiyo maana jina la Tommy Woodcock, saisi wa Phar Lap, nalitaja kwa heshima.

Kwanza mfahamu kwamba farasi huyu hakutakiwa na mtu. Mkufunzi Harry Telford, ambaye hakuwa na fedha, aliuona ukoo wake katika orodha ya mnada akiwa Sydney, akamshawishi Mmarekani mmoja mfanyabiashara, David Davis, atoe fedha, na mwanafarasi huyo akanunuliwa kwa gini 160 (fedha ya zamani ya Kiingereza) bila Telford kumwona. Aliposhuka melini alikuwa amekonda, hana umbo, na ana chunjua usoni. Davis alikataa kulipia mafunzo yake, na ikabidi Telford amkodi kwa miaka mitatu kwa makubaliano ya kuchukua theluthi mbili ya zawadi. Mbio yake ya kwanza alimaliza wa mwisho. Alishindwa mara nne kabla ya kushinda mara ya tano, mwezi wa Aprili 1929 pale Rosehill, Sydney.

Woodcock ndiye aliyekuwa akikaa naye wakati huo wote. Bandani farasi huyo aliitwa Bobby. Inasimuliwa kwamba ilifika mahali farasi hakubali chakula ila kutoka mkononi mwa Woodcock, na watu wakisikia hivyo hudhani ni chumvi ya kunogeshea hadithi. Mimi siwezi kudhani hivyo. Nilikuwa na jike mmoja niliyemtunza tangu akiwa na miaka miwili, na nilipokwenda likizo ya wiki mbili nilimwachia mwenzangu maelekezo yote, kuanzia kipimo cha shayiri hadi upande wa ndoo anaoupenda. Siku ya tatu nikapigiwa simu kwamba hajala. Walibadilisha chakula, wakamwita daktari, wakapima damu, na kila kitu kilikuwa sawa. Hatimaye mwenzangu akavaa koti langu la kazi, lile chafu lililokuwa likining'inia mlangoni, akaingia nalo, na yule jike akanusa bega kwanza, kisha akainamisha kichwa ndooni kana kwamba hakuna kilichotokea. Tangu siku hiyo sifui koti hilo ovyo.

Sasa rudini kwenye asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1930, siku tatu kabla ya Kombe. Woodcock alikuwa akimrudisha kutoka mazoezini, yeye mwenyewe akiwa amepanda farasi mdogo, na gari likawakaribia likiwa na watu wenye bunduki. Alimsukuma Phar Lap pembeni na kujiweka mbele yake. Risasi haikumpata yeyote, na mchana wa siku hiyo hiyo farasi akakimbia na kushinda. Kisha wakamficha karibu na Geelong hadi siku ya Kombe. Wapokea dau walikuwa wanakabiliwa na hasara kubwa endapo angeshinda, na kila mtu mjini alijua hivyo. Watu huuliza kwa nini saisi ahatarishe maisha kwa mnyama wa tajiri. Mtu aliyewahi kulala kwenye nyasi kavu akisikiliza farasi mgonjwa anavyopumua hatauliza hivyo.

Mwaka 1932 Woodcock ndiye aliyemsindikiza hadi Mexico, na pale Agua Caliente, tarehe 20 Machi, Phar Lap akashinda kwa rekodi ya uwanja huku kwato yake moja ikiwa imepasuka. Siku kumi na sita baadaye, tarehe 5 Aprili, Woodcock alimkuta asubuhi akiwa na maumivu makali na homa katika shamba la Menlo Park, California. Hakumaliza siku. Alifia mbele ya mtu yule yule aliyemlisha.

Woodcock baadaye akawa mkufunzi mwenyewe, na mwaka 1977, akiwa mzee, farasi wake Reckless alishika nafasi ya pili katika Kombe la Melbourne. Ipo picha yake akiwa amelala kwenye majani ya banda pamoja na Reckless. Nimeikata gazetini, nimeibandika juu ya sinki ninaposafishia hatamu.

Mfamasia, Adelaide

Kuhusu kifo chake, kwa kuwa lazima mtu atauliza: vipimo vya nywele za singa yake vilivyofanywa kwa miale ya sinkrotroni (mashine kubwa ya kisayansi itoayo miale mikali) na kutangazwa mwaka 2008 vilionyesha kwamba aliingiza mwilini aseniki nyingi katika saa zake za mwisho. Wengi husoma hapo wakahitimisha kwamba aliwekewa sumu na majambazi. Mimi nasita. Enzi hizo aseniki ilikuwa dawa ya kawaida ya farasi, ikitolewa kwa matone ili kuamsha hamu ya kula na kung'arisha manyoya, na daftari la Telford lenye mapishi ya dawa za namna hiyo, zikiwamo zenye aseniki na strikinini, limo mikononi mwa makumbusho ya Melbourne. Nilipokuwa mwanafunzi tulifundishwa dawa hizo kama historia, na mwalimu wetu alisisitiza kwamba tofauti kati ya dozi na sumu ilikuwa kijiko kimoja na mkono uliochoka. Hata hivyo wapo madaktari wa mifugo waliosema kabla ya vipimo hivyo kwamba dalili zake zinafanana na ugonjwa mkali wa utumbo, na sioni kama mjadala umefungwa.

Saisi, vijijini Victoria

Mkono uliochoka. Umeandika neno zito, ndugu mfamasia, na nilifunga simu kwa muda kabla ya kurudi hapa.

Mkazi wa Wellington

Nimesahau moja. Mwaka 2010 mifupa yetu iliazimwa Melbourne wakati wa Kombe la 150, ikasimamishwa karibu na ngozi. Je, kuna aliyeona viwili hivyo kwa pamoja?

Mwanzisha mada, Melbourne

Mimi niliona. Nilikwenda na mke wangu, ambaye hapendi mbio wala kamari, na tulisimama mahali ambapo uliweza kugeuza shingo kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Nilikuwa nikimweleza habari za gini 160 na kilo 68 na kule Mexico, yeye akawa anasikiliza huku akitazama chini. Kisha akaniuliza kama zile kwato ziko upande wa ngozi au upande wa mifupa. Sikuwa na jibu, tukaanza kuzunguka kuchungulia, na mlinzi akatuomba kwa upole tusiegemee kioo.