Naomba ushauri: daftari la madeni aliloacha mama

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mama yetu ametutoka, na arobaini yake imekaribia. Tumezaliwa Ujiji, na yeye miaka yote aliuza dagaa mwalo wa Kibirizi. Akishaswali alfajiri anatoka, mswala kaukunja ndani ya ndoo. Adhana ya adhuhuri ikimkuta kwenye chanja, anawaachia wenzake dagaa anaswali palepale. Na alikuwa mtu wa watu jamani! Msiba gani Ujiji hakufika? Nani alipita asimsalimie?

Sasa chini ya godoro tumekuta daftari. Majina, sado, magunia. Wengi walikopa wakati wa mbalamwezi, wavuvi wakiwa hawaingii ziwani. Pembeni ya jina moja kaandika kwa wino mwekundu: "Huyu anauguza, asiulizwe." Nilipousoma mwandiko wake nililia sana.

Kaka anataka tudai yote, tufanye hitma kubwa. Mimi natamani tusamehe, thawabu zimfikie mama. Ustadhi katueleza kuwa madeni hayo ni mali ya mirathi: kila mrithi asamehe fungu lake tu, na la mdogo wetu wa miaka 12 hatuna ruhusa ya kulisamehe.

Waliopitia haya, mlifanyaje? Nawafuataje wale akina mama kudai fungu la mtoto bila kuwaaibisha? Na huyo wa wino mwekundu, nikimlipia mimi mwenyewe kimyakimya, itafaa?