Mbawakawa wa kijani wananimalizia mawaridi: na mimi nitundike mfuko kama jirani?

Mama Zuwena (Columbus, Ohio)

Asalaam aleikum, na shikamooni wakubwa wote.

Nimepanda mawaridi mbele ya nyumba, upande unaopigwa jua. Mengi ni mekundu, na mawili ninayoyapenda kuliko yote ni Iceberg, lile jeupe, na Peace, la njano lenye wekundu kwenye kingo. Sikuyapanda ili wapita njia wafurahi. Nachuma petali, natengeneza maji ya waridi, nyingine nakausha naweka kwenye kabati la nguo. Nimekulia Unguja, na waridi la kutazama tu silielewi.

Sasa tangu mwisho wa Juni wameingia wadudu. Urefu wao kama sentimita moja, kichwa na shingo kijani cha kung'aa, mgongo rangi ya shaba. Ubavuni wana vishungi vyeupe vya manyoya. Hawaji mmoja mmoja, wanajazana kwenye ua moja, wengine wamepandana mchana kweupe bila haya. Jani wanakula nyama wanaacha mishipa, linabaki kimia. Iceberg likifunguka asubuhi, alasiri hamna kitu.

Jirani yangu, mtu mwema kabisa, ametundika mfuko wa njano wa kunasia wadudu hao kwenye uzio unaotutenganisha. Umejaa mpaka unanuka, naye kila akiniona ananionyesha kwa fahari na kuniambia ninunue wangu. Mume wangu yeye anataka kumwaga sumu ya unga. Mimi sumu sitaki, maana yale maji tunatia kwenye vyakula vitamu. Nifanyeje?

Furaha (Louisville, Kentucky)

Pole sana mama. Hao ndio wale wanaowaita mbawakawa wa Japani, na hapa Louisville wako tele. Mimi nilitokea Uvira, kule sikuwahi kuwaona.

Mimi naokota kwa mikono. Nafanya kazi usiku, kwa hiyo asubuhi siwezi, niko nimechoka. Natoka jioni kabla sijaenda kazini, na kopo la maji ya sabuni, nawaangusha humo. Mama mkwe ananicheka, lakini maua yangu yanaonekana.

Kuhusu mfuko sijui, sijawahi kuutumia. Ngoja wanaojua.

Mzee wa Kitalu (Cincinnati, Ohio)

Wa aleikum salaam, Mama Zuwena. Marahaba.

Mfuko usinunue. Na kama mnasikilizana vizuri na huyo jirani, mwombe ausogeze mbali na uzio, au autoe kabisa. Nafanya kazi kwenye kitalu cha miche huku Cincinnati miaka mingi sasa, na kila Julai mifuko hiyo naipanga rafuni nikiwa nimeinamisha uso. Mteja akiniuliza, namwambia ninachokwambia wewe.

Ndani yake mna harufu mbili: moja ya maua, ya kutengenezwa, na nyingine ya jike anayetafuta dume. Zikichanganyika zinaita wadudu kutoka mbali kuliko mawaridi yako yangeweza kuwaita yenyewe. Wanaokuja si wote wanaoingia mfukoni. Wengi wanatua kwenye mmea ulio jirani, wanakuta chakula, wanasahau safari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kentucky walilipima jambo hili zamani, wakaona mtego unaita wengi kuliko unaowanasa, na mimea iliyo karibu inaliwa zaidi. Kwa hiyo mfuko wa jirani umejaa kweli, lakini mezani wamekaa kwako.

Sasa elewa tabia ya mdudu mwenyewe, ndipo utajua wapi pa kumshika. Anaitana. Wa kwanza akitafuna jani, jani lililojeruhiwa linatoa harufu, na hiyo harufu ndiyo inayowaleta wengine. Jike naye anaongeza ya kwake. Ndiyo maana unaona mmea mmoja umefunikwa na wa pembeni yake mzima. Ukiwaondoa wale wachache wa mwanzo, umezima mwito. Ukingoja wawe wengi, unaokota kutwa.

Furaha yuko sawa kuhusu kopo. Maji, matone machache ya sabuni ya vyombo, basi. Liweke chini ya ua kwanza, kisha gusa tawi. Mdudu huyu akishtuka, hasa kukiwa na ubaridi, hujiachia aanguke, kwa hiyo anaingia mwenyewe. Sabuni inalegeza uso wa maji, anazama. Bila sabuni ataelea na kupanda ukingoni.

Mimi nilizoea alfajiri, umande haujakauka, maana wakati huo hawana nguvu ya kuruka. Lakini jioni nayo ina hoja yake nzuri, na Furaha asichekwe. Wanaolala kwenye mmea ndio wanaoamka hapo hapo na kuanza kutafuna, na ndio wanaowaita wenzao jua likipanda. Ukiwatoa jioni, kesho yake mmea unaanza siku ukiwa kimya. Kama unaweza nyakati zote mbili katika wiki hizi za Julai, usisite. Saa saba mchana usijisumbue, watakurukia usoni na kwenda zao.

Yale mawili unayoyapenda, bahati mbaya nao wanayapenda. Rangi nyeupe na njano huwavuta kuliko nyekundu iliyoiva. Kwa hiyo hayo usiyaache yafungukie nje. Kata tumba likianza kuonyesha rangi, tia kwenye chombo cha maji ndani, likifunguka chuma petali zako. Mmea hautadhurika. Wadudu hawa wazima huishi mwezi hadi mwezi na nusu, na kilele chao huisha katikati ya Agosti. Mawaridi yako ni ya kuchanua mara kwa mara, kwa hiyo yataleta maua mengine wakati wao wamekwisha, na hayo ya Septemba huwa na harufu nzuri kwa sababu joto limepungua.

Ukitaka kuacha maua juu ya mmea, uvishe neti. Hata kipande cha chandarua cha mbu kinafaa. Funika mmea mzima na ufunge chini kwenye shina. Nyuki hawataingia, lakini waridi la kuchuma petali halihitaji nyuki. Kagua kwanza ndani, usije ukawafungia wageni pamoja na chakula.

Mwarobaini: mafuta yake yanauzwa huku kila mahali. Hayaui papo hapo, yanalifanya jani lisilike. Yanasaidia wakati wadudu ni wachache, na wakiwa kundi zima hayazuii kitu. Nyunyiza jioni, kwenye majani tu. Juani na kwenye joto kali majani huungua, na kwenye petali utapata maji ya waridi yanayonuka mwarobaini, kitu ambacho hata mgonjwa wa homa Tanga atakukatalia.

Sumu ya mumeo, kama ni ile yenye karbarili, inaua mbawakawa na inaua nyuki pamoja nao. Inaua pia wale wadudu wadogo wanaokula utitiri, na baada ya wiki chache utaona majani yanageuka kijivu kwa utitiri uliokosa adui. Zipo dawa zisizowaumiza nyuki sana, kama klorantraniliproli, na ningemshauri hiyo mtu mwenye miti mirefu asiyoweza kuifikia kwa mkono. Wewe una mawaridi ya mbele ya nyumba, na unayatia kwenye chakula. Kopo linatosha.

Kitu kimoja zaidi kabla sijasahau. Ukimkuta mbawakawa ana nukta nyeupe, ndogo, imegandana juu ya shingo yake, nyuma tu ya kichwa, huyo mwache. Hiyo nukta ni yai la nzi aliyeletwa makusudi kutoka Japani kuwapunguza. Yai linaanguliwa, funza anatoboa kuingia ndani, na mbawakawa anakufa kwa siku chache. Huyo nzi atazaliana, na mwakani anaweza kukufanyia kazi. Usichanganye nukta hiyo na vile vishungi ulivyoviona ubavuni, vile ni vyake vya kuzaliwa: vitano kila upande na viwili nyuma.

Mama Zuwena (Columbus, Ohio)

Mzee wangu, ahsante sana. Jana jioni nimetoka na kopo, watoto wakagombania kazi. Jirani nimemweleza, ameguna kwanza, kisha ameuhamishia mfuko nyuma kabisa karibu na gereji yake. Hakuutoa.

Baba Zuwena anasoma hapa begani kwangu na ana maswali mawili. La kwanza: mwezi wa nne alipokuwa anapanda nyasi upya alikuta funza weupe wamejikunja, je, ndio hawa? Na akiwaua wale, si tumemaliza shida? La pili: mtu wa dukani amemwambia apande vitunguu saumu katikati ya mawaridi.

Mzee wa Kitalu (Cincinnati, Ohio)

Msalimie Baba Zuwena. Huenda ni wao, lakini funza weupe wa kujikunja ni wengi na wanafanana. Mwakani akiwakuta, amgeuze mmoja aangalie mkiani kwa lenzi. Wa Japani ana vinywele vilivyojipanga kama herufi V.

Akiwaua atakuwa ameokoa nyasi, mawaridi ni hesabu nyingine. Jike hushuka kwenye nyasi mchana, anataga mayai machache, anarudi kula, anashuka tena, mpaka yafike 40 hadi 60 katika maisha yake. Funza wanakula mizizi ya nyasi hadi baridi iingie, wanazama chini zaidi, wanapanda tena masika, na Juni wanatoka na mabawa. Hao wanaruka. Wanaokula Iceberg lako wametoka kwenye nyasi za mtaa mzima, na kwenye uwanja wa mpira, na kwenye makaburi. Yeye atatibu uwanja wake, wa wengine ataufanyaje?

Ila nyasi zikianza kukauka kwa mabaka na zinang'oka kama mkeka, hapo ana sababu. Nyasi zenye afya huvumilia funza kama kumi kwa futi moja ya mraba. Wakizidi, kuna minyoo midogo ya udongoni, nematodi, jina lake Heterorhabditis bacteriophora. Unaichanganya na maji na kumwagia jioni, mwisho wa Agosti, wakati funza ni wachanga na wako juu. Udongo uwe na unyevu kabla na baada, bila hivyo minyoo inakufa na pesa imekwenda. Ule unga wa bakteria unaoitwa wa maziwa, matokeo yake yamewavunja wengi moyo, mimi siusifii.

Na jambo la bure: Julai apunguze kumwagilia nyasi. Mayai yanahitaji unyevu yasikauke. Nyasi zitageuka rangi ya majani makavu, mtaa utamnung'unikia, mvua ikija zitarudi.

Vitunguu saumu, hapana. Kentucky hao hao walijaribu kupanda mimea ya harufu kali katikati ya mawaridi, ikiwemo jamii ya vitunguu, na mawaridi hayakupata kinga. Apande vitunguu kwa ajili ya pilau.

Akiuliza kwa nini Wajapani wenyewe hawalii hivi, mwambie kule wana maadui wao wa asili na hawana mashamba makubwa ya nyasi kama haya. Hapa alionekana mara ya kwanza 1916, kwenye kitalu karibu na Riverton, New Jersey, na inadhaniwa aliletwa akiwa funza kwenye mizizi ya maua ya airisi. Alikuta nyasi zimekatwa vizuri kila nyumba, na mimea zaidi ya 300 anayoweza kula. Tangu hapo anasonga magharibi. Nasi watu wa vitalu hatuna haki ya kumlaumu peke yake.

Kijana wa Njiro (Arusha)

Samahani kwa kudandia. Mimi niko Arusha na mawaridi yangu yanaliwa pia, maua hasa. Wadudu ni wakubwa kuliko hao, weusi wenye mikanda ya njano mgongoni, wanakuja mchana. Nitumie kopo hilo hilo?

Mzee wa Kitalu (Cincinnati, Ohio)

Hao si wa Japani, na usiwaguse kwa mkono mtupu. Ni jamii ya mbawakawa wanaotoa maji yenye sumu, kantaridini, yakikugusa ngozi inatoka malengelenge. Vaa glavu, angusha kwenye maji ya sabuni, osha glavu kabla hujajipangusa jasho. Watoto na kuku wasiwachezee. Kama kuna majani yanayotobolewa na mchana humwoni mtu, hao ni wengine wanaokula usiku, toka na tochi saa mbili.

Furaha (Louisville, Kentucky)

Mzee, kuku wangu wanawala hawa wa Japani kwa kugombana. Ni sawa?

Mzee wa Kitalu (Cincinnati, Ohio)

Hawa ni sawa, waache kuku wawale. Ila wape wa kwenye maji matupu, sabuni usiwatilie.