Maafisa wa kifungo cha nje Arusha na Moshi, mnaingiaje nyumbani kwa mtu bila kumuumbua? Kijana wangu amepotea

DadaWaMuriet (mwanzisha mada)

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu mambo. Mimi ni afisa huduma kwa jamii hapa Arusha, nina mwezi wa saba tu tangu niripoti kituoni, kwetu ni Singida. Naomba msaada kwa wenye uzoefu maana usiku wa tatu huu usingizi hauji.

Kwa wasioijua hii kazi, mtu akipatikana na hatia na hakimu akaona kosa lake kifungo hakizidi miaka mitatu, basi badala ya kumpeleka gereza la Kisongo anaweza kumpa adhabu ya kutumikia jamii, na mwenyewe lazima akubali. Mtaani wanaita kifungo cha nje. Anapangiwa zahanati au shule au ofisi ya kata, anafanya masaa manne kwa siku bila malipo, anasaini rejista, muda uliobaki anatafuta riziki yake. Kabla ya hukumu mimi ndo naenda kwake, kwa majirani, kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa yule aliyemkosea, naandika taarifa inaenda mahakamani. Akishaanza kutumikia ni mimi tena namfuatilia.

Sasa nina kijana wa miaka 22, anaendesha toyo, yaani bodaboda. Waligombania abiria kijiweni akampiga mwenzake jiwe la bega, akapewa miezi sita afanye usafi zahanati. Miezi miwili ya kwanza hana doa, nesi anayemsimamia alikuwa ananipigia simu kumsifia, kwamba anafyeka mpaka nyuma ya choo ambako hakuna aliyemtuma.

Wiki iliyopita nikaenda kwake bila kumwambia, ndo utaratibu. Ni nyumba ya kupanga, vyumba sita vinatazamana, bomba moja katikati ya uwanja. Nimefika saa nne asubuhi na faili mkononi, nikamuuliza mama aliyekuwa anafua, tena kwa sauti, "fulani anakaa chumba gani, natokea huduma kwa jamii, yule mwenye kesi". Nilisema hivyo hivyo jamani. Yule mama akanyoosha mkono una povu mpaka kwenye kiwiko akanionyesha mlango wenye pazia la kijani, kisha akawaita wenzake waje waone. Kijana akatoka, kila swali nililomuuliza alinijibu huku anaangalia kandambili zake. Jioni yake mwenye nyumba akamwambia mwezi ukiisha ahame, hakuwa anajua kama amepangisha mtu ana kesi. Nimeyajua haya kwa nesi.

Tangu Jumatatu hajasaini, leo ni Alhamisi. Simu haipatikani, chumba kimefungwa kufuli. Sheria inanitaka nitoe taarifa mahakamani mtu akikiuka amri, na akirudishwa pale hakimu ana uwezo wa kumpeleka gerezani. Nikikaa kimya navunja kazi yangu, nikiandika namfunga kijana ambaye mimi ndiye niliyemkimbiza. Nifanye nini? Na nyie mnaingiaje majumbani?

MangiWaPasua

Marahaba mwanangu. Hii kazi nimeifanya miaka kumi na moja upande huu wa Moshi, na hilo lako limenikuta, mimi ilikuwa Kiboriloni kwa mama mmoja wa kesi ya gongo. Nilimuita jina getini watoto wake wakiwa wanatoka shule. Mpaka leo nikipita ile njia nakumbuka yule mkubwa alivyovua begi akaliweka chini akasimama mbele ya mama yake kama vile nimekuja kumchukua.

Kwanza hilo la haraka. Mtafute kabla hujaandika lakini usitafute wiki nzima, jipe siku mbili. Akipatikana ama asipopatikana taarifa inaandikwa, na ndani yake uandike na ulichofanya wewe pale bombani, usikiruke. Hakimu akisoma "hajaripoti siku nne" tu anaona jeuri. Akisoma kwamba miezi miwili alikuwa safi, halafu afisa akamtaja mbele ya wapangaji, halafu akapewa notisi ya kuhama, anaona mtu mwingine kabisa. Mimi nimeshaandika makosa yangu kwenye taarifa mara mbili na sikufukuzwa kazi.

La pili, kuingia. Siku ya kwanza mtu akiletwa ofisini kwangu, kabla ya fomu yoyote namuuliza, nikija kwako niseme mimi ni nani? Jibu lake naliandika kwa penseli kwenye jalada la faili. Ndo kitu cha kwanza nakisoma kabla sijapanda boda. Kuna anayesema sema ukweli, hapa wote wanajua. Kuna anayesema pitia kwa shangazi mlango wa nyuma. Yule mama wa Kiboriloni baadaye aliniambia baba, wewe njoo uulize ndizi, kwa hiyo nilikuwa nauliza ndizi, na nilikuwa nanunua kweli.

Faili linakaa kwenye begi. Sisi hatuvai gwanda, hiyo ni bahati kubwa, usiiharibu kwa kubeba karatasi zenye muhuri mkononi. Huku vijijini Uru na Kibosho ukiingia kihambani, yaani kwenye migomba ya nyumbani kwa mtu, hukimbilii swali, unasalimia, unauliza ng'ombe, ukipewa kigoda unakaa, ukipewa ndizi unakula. Nusu ya unachotaka kujua kuhusu huyo mtu utakiona ukiwa umekaa pale, nani anaongea nae, nani anamkwepa, kuna moshi jikoni au hakuna. Nimewahi kukaa kwa mtu saa nzima sijauliza hata swali moja la kwenye fomu na taarifa ikatoka nzuri kuliko zote za mwezi ule.

Mwenyekiti_Mstaafu

Nimesoma kwa makini na mimi nina la kusema, nimekuwa mwenyekiti wa mtaa upande wa Sombetini vipindi viwili. Ndugu Mangi nakuheshimu lakini sikubaliani na hayo ya kuuliza ndizi. Shida kubwa ya kifungo cha nje huku kwetu ni kwamba watu hawajui kama ni kifungo. Mtu kahukumiwa Jumanne, Jumatano anaonekana sokoni Kilombero ananunua nyanya, wanasema ametoa hela. Aliyepigwa anakuja kwangu anatetemeka kwa hasira ananiuliza mwenyekiti, hakimu kala shilingi ngapi? Na mimi sina cha kumjibu kwa sababu afisa alipita kwangu mara moja akachukua muhuri akaondoka, hajanirudishia hata neno moja mahakama imeamua nini.

Ndo maana mimi naona mtaa ukijua ni bora. Kuna kijana wetu alikuwa anazibua mtaro wa ofisi ya kata, watu walimuona na koleo kila asubuhi kipindi cha masika tope linamfika magotini, baada ya wiki tatu hakuna aliyesema tena habari za rushwa. Tena mama aliyeibiwa redio ndo alikuwa anampelekea chai.

Lakini dada kumtaja mtu kwenye nyumba ya kupanga kwa wapangaji wenzie, hapana, hapo umekosea. Mwenye nyumba anapangisha kwa imani. Ungepita kwangu ningempigia simu kijana aje ofisini, mngeongea, kisha mkaenda wote kwake kama watu wanaofahamiana. Nenda kamuone mwenyekiti wa mtaa wake leo. Na umuone mwenye nyumba, uongee nae wewe mwenyewe, usimtume mtu.

NilitumikiaKaranga

Samahani kwa jina, sikuwahi kufungwa gereza la Karanga, ni vile nilikuwa nimeshajiandaa kwenda, mke wangu alikuwa ameshafunga sweta na mswaki kwenye mfuko wa rambo. Nikapewa kifungo cha nje miezi minne, kesi ya kuharibu mali ya jirani, ugomvi wa mpaka. Nikapangiwa kufyeka shule ya msingi, na ndio shule aliyokuwa anasoma binti yangu darasa la tano.

Nataka dada uelewe kitu hiki. Kufyeka sio adhabu, mimi ni mkulima nafyeka kila siku. Adhabu ni ile saa nne mapumziko kengele inapogonga watoto wanatoka mbio na wewe umeshika fyekeo. Siku ya pili binti yangu alisimama mbali na wenzie, akaniangalia, akageuka akaingia darasani hakutoka tena. Kesho yake sikwenda. Sikukimbia mahakama, nilikuwa nyumbani nimelala naangalia bati.

Afisa wangu alikuja jioni akakaa nje na mimi mpaka giza likaingia. Hakunitisha. Aliniuliza nini kimetokea nikamwambia. Akaenda kwa mwalimu mkuu wakakubaliana niwe nafika saa kumi na mbili kasoro asubuhi, ikifika saa nne kasoro nimeshamaliza masaa yangu, mengine yote yakabaki vile vile mpaka siku ya mwisho. Nilimaliza miezi yangu minne sijakosa tena hata siku moja.

Kwa hiyo huyo kijana usimtafute kijiweni kwa vijana wa toyo maana huko ndo anakokwepa. Yuko kwa mtu ambaye hamuonei aibu, mara nyingi ni bibi. Na kama hujui bibi yake yuko wapi muulize yule aliyepigwa jiwe. Watu wa kijiwe wakigombana wanapatana kabla hata kesi haijaisha, utashangaa.

KamandaWaSakina

Mnamlea sana huyu mtu. Kapiga mwenzake jiwe, kapewa nafasi, kakimbia, aende ndani. Wengine wetu tumefanya kazi na nidhamu.

MangiWaPasua

Kamanda nimekuelewa, na huyo aliyepigwa jiwe ana haki zake. Ila jiulize akienda ndani huyo miezi minne, toyo ni ya tajiri, itapewa mtu mwingine siku hiyo hiyo. Atatoka hana chumba, hana kazi, na atarudi kijiwe kile kile kwa yule yule aliyempiga. Mimi nimewaona wakirudi.

DadaWaMuriet

Jamani nimerudi na naomba mnisamehe ujumbe ni mrefu.

Ijumaa asubuhi nilienda kwa mwenyekiti wa mtaa wake, nikaomba radhi kwa kupita bila kuripoti. Akampigia yule aliyepigwa, akaja na toyo yake mwenyewe, na kweli @NilitumikiaKaranga walishapatana zamani, akasema "huyo yuko Kikatiti kwa bibi yake mzaa mama, mi ndo nilimpeleka". Bega lake bado halinyanyuki vizuri nimeliona, nikamuuliza kama ana neno la kusema kwa mahakama akasema amalizie kufagia tu basi yaishe.

Nikapanda haisi ya Moshi nikashukia Kikatiti, nauli yangu mwenyewe kama kawaida. Begi mgongoni, mikono mitupu. Bibi alinikuta njiani sijafika hata kwake, nikamsalimia, akaniangalia akasema wewe ndiye yule dada. Nikasema ndiyo bibi ni mimi. Akanishika mkono tukatembea wote mpaka nyumbani hakusema kitu kingine.

Kijana alikuwa anamkatia ng'ombe majani. Nilimuomba msamaha kabla ya salamu, sikupanga, ilitoka tu. Akaingia ndani nikadhani ndo ameondoka tena, akatoka na kadi yake ya mahudhurio ameifunga kwenye nailoni mbili, akanionyesha zile siku tano, na Ijumaa hiyo ikiwemo, ambazo hazina sahihi, amezihesabu, akauliza zitalipwaje. Nikamwambia hizo ataamua hakimu. Tumerudi wote Arusha jioni ile, Jumamosi akasaini zahanati.

Mwenye nyumba nimemuona jana. Hajakubali, kasema atafikiria, mkewe ndo mgumu zaidi. Nitarudi tena Jumapili baada ya kanisa.

Taarifa nimeiandika ukurasa mmoja na nusu, na pale bombani nimeandika kama palivyokuwa. Inaenda mahakamani kesho saa tatu. Mzee Mangi lile swali lako nilimuuliza tukiwa kwenye haisi, nikija kwako niseme mimi ni nani. Alifikiria tangu Usa River mpaka Tengeru. Akasema dada sema we ni abiria wangu umesahau mwavuli. Nimeandika kwa penseli.