Mume wangu aliwahi kupewa amri ya kuondoka Kanada, naweza kumdhamini arudi?

MamaWawili: Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri na tafadhali msinisimange. Mimi raia wa Kanada, naishi Edmonton. Mume wangu alishawahi kukaa huku, aliomba ukimbizi wakamkatalia, akapewa karatasi kwamba awe ameondoka ndani ya siku 30. Na akaondoka kweli, siku ya 22, tiketi kajilipia mwenyewe hakusindikizwa na mtu, ila pale eapoti kanyoosha moja kwa moja hadi kwenye ndege, hakupita kwa watu wa CBSA, wale wa mipaka ya Kanada, hata dakika moja. Hiyo ni 2018, ndoa tumefunga 2022. Sasa namjazia fomu nimefika kwenye lile swali la kama amewahi kuamriwa kuondoka Kanada au nchi nyingine, kaka yangu anasema weka hapana, eti si aliondoka mwenyewe. Leo siku ya tatu naliangalia hilo swali tu.

Mzee_wa_Mapepa: Dada usithubutu!! Alama za vidole vya shemeji wanazo tangu anaomba ukimbizi, na safari hii atawekewa vidole tena, unadhani hawataoanisha? Ukidanganya anafungiwa kuingia Kanada miaka 5 kwa kosa jipya juu ya lile la zamani. Weka ndiyo, halafu eleza.

Toronto_Kijiwe: Ngoja nimwelezee dada, maana wengi tunaumia hapa. Kanada haina dirisha la kugongewa muhuri wa kutoka, kwa hiyo mwenye amri ndo anatakiwa awatafute CBSA mwenyewe, wamuone, wampe cheti cha kuondoka. Asipokuwa nacho siku 30 zikiisha ile amri inageuka yenyewe kuwa amri ya kufukuzwa, hata kama siku ya 22 alishakuwa kwao anakunywa chai. Na ya kufukuzwa haiishi muda, ni mpaka apewe kibali cha kurudi, wenyewe wanaita ARC. Bora wale wa amri ya kuzuiwa kurudi mwaka mmoja, mwaka ukipita na cheti chao mkononi wanarudi bila ARC.

MamaWawili: Mungu wangu. Kwa hiyo ndoa haisaidii kitu?

Bibi_Harusi_Winnipeg: Inasaidia mamy ila haitoshi peke yake. Mimi nimepitia, wa kwangu naye alikuwa na amri. Udhamini tuliomba kama kawaida tukaeleza kila kitu, ya ARC ikashughulikiwa humohumo na ofisi ya viza, na ada yake ni mbali na ya udhamini. Wanaangalia amri ilitokana na nini, alitii au alijificha, muda gani umepita, na kwa nini arudi. Wakala wetu wa kwanza alituandikia barua ya aya moja kwamba tunapendana sana, nikaichana nikaandika upya mwenyewe kurasa tatu tarehe kwa tarehe. Wa kwako ana hoja nzuri kuliko sisi, aliondoka ndani ya muda! Kosa ni kutopita kwenye kaunta. Sasa thibitisha hizo siku 22, tiketi ipo?

MamaWawili: Boading pasi ipo ila wino umefutika, inaonekana herufi za mwanzo za jina tu. Ila paspoti yake ya zamani ina muhuri wa kuingia nyumbani, tarehe inasomeka vizuri kabisa.

Mzee_wa_Mapepa: Muhuri huo ni dhahabu, skani paspoti nzima kuanzia jalada. Na kabla hujatuma omba faili lake CBSA, shemeji asaini fomu ya ridhaa wewe uombe ukiwa huku, ada dola 5. Usiandike barua kwa kukumbuka wakati wao wana tarehe zao.

Toronto_Kijiwe: Na kwa vile tiketi kalipa mwenyewe hana deni la serikali, wale waliosafirishwa kwa gharama za serikali huwa wanatakiwa kurudisha hela kwanza. Halafu muombe kwenye kundi la familia, yeye akiwa nje ya Kanada, wakikataa wewe mdhamini una siku 30 za kukata rufaa.

MamaWawili: Asanteni jamani. Nimeweka ndiyo, mkono unatetemeka. Faili nimeliomba leo mchana, fomu ya ridhaa kaisaini akanipigia picha imekaa upande, nikamrudisha aisaini tena. Kaka kaninunia lakini atazoea.